Ndoo Tatu Kabla ya Dawa

Mimi na dada yangu mkubwa tulinunua goldifishi siku moja, tangi moja, kwa muuzaji mmoja kando ya barabara ya Thika. Wangu nikaenda nao nyumbani Thika, wake wakashukia Ruiru, upande wa Kimbo. Matangi yetu ni ya fundi mmoja, vichujio ni vya sponji vinavyosukumwa na pampu ndogo ya hewa, na hata chakula tuligawana kopo. Haukupita muda wangu wakaanza kunenepa. Wake walikuwa wamelala chini, mapezi yamekunjwa, matamvua mekundu kama yamepakwa pilipili, na kila jioni walipanda juu kutweta.

Dada alimpigia muuzaji. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kueleza: "Hiyo ni fangasi, mama. Kuja uchukue ile dawa ya buluu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na haijaisha. Fangasi huonekana kwa macho: ni nyuzi nyeupe zinazofumuka juu ya ngozi au kwenye kidonda. Samaki wa dada hawakuwa na uzi hata mmoja, na muuzaji hakuomba hata picha. Dawa yenyewe, methilini buluu, ina kazi yake. Kwa mayai ya samaki yanayoota kuvu, mimi mwenyewe ningeitumia. Lakini ukiimwaga ndani ya tangi wanamoishi samaki, inaweza kuua pia bakteria walio kwenye sponji, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa urahisi zaidi. Chupa ya kwanza ilipokwisha samaki walikuwa wamezidiwa. Akauziwa ya pili, akaambiwa hiyo ndiyo yenye nguvu. Muuzaji anayeuza dawa bila kuuliza maji yanatoka wapi anauza rangi tu.

Basi dada akanipigia mimi. "Wewe unajidai daktari wa samaki, kuja uone hawa wanakufa."

Hatua za kawaida nizipitie haraka, maana zimeandikwa kila mahali. Angalia kwanza samaki wanateseka saa ngapi. Wakitweta alfajiri, au stima ikipotea na pampu ikanyamaza, shuku oksijeni. Sisi wa Thika na Ruiru tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa, kwa hiyo tangi lililojaa samaki halina akiba. Wakianza kuhangaika mara tu baada ya kutiliwa maji ya mfereji, ni klorini. Maji yalale kwanza kwenye ndoo iliyo wazi. Vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi ni kimelea, na hicho kina dawa yake.

Samaki wa dada walitweta jioni, na hilo ndilo lililonishtua. Tangi lake liko karibu na dirisha, kioo kimeota ukungu wa kijani. Mchana kutwa mwani ule hunyonya kabonidayoksaidi kwenye maji na kutoa oksijeni, kwa hiyo jioni oksijeni huwa haipungui. Kinachopanda saa hizo ni pH. Niliweka hilo akilini, nikarudi Thika kuchukua maji.

Sasa nifike kwenye ndoo, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike.

Watu wengi huhamisha samaki mgonjwa kwenye ndoo moja ya maji safi, akipata nafuu wanasema, "Aa, maji yalikuwa mabaya." Mabaya kivipi? Huenda ni maji yanayotoka bombani, huenda ni uchafu uliozaliwa ndani ya tangi, huenda samaki alihitaji tu kuepushwa na wenzake na mwanga wa dirisha. Ndoo moja haitenganishi hayo. Zinatakiwa tatu, mpya au zisizowahi kuguswa na sabuni, zikae mahali pamoja penye kivuli, kila moja na jiwe lake la hewa, bila chakula.

Ya kwanza ujaze maji yaleyale ya tangi la wagonjwa. Watu huiruka hii wakidhani haina maana, na bila hiyo hizo nyingine mbili hazikwambii kitu. Ya pili ujaze maji ya bomba la nyumba hiyohiyo, yaliyolala usiku mzima. Ya tatu ujaze maji ya mahali ambapo samaki wa aina hiyo wanaishi vizuri. Kwangu yalikuwa ya Thika, mtungi wa lita 20 uliosafiri kwa matatu hadi Ruiru. Makanga alidai nauli ya mtungi, nikalipa bila kubishana. Nisingeacha maji yale stejini.

Kisha uchague samaki watatu waliolingana kwa udhaifu. Usimtupe mmoja wao ghafla kwenye maji mageni. Mweke kwenye bakuli lenye maji ya tangi lake, umwongezee ya ndoo kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima hivi, maana pH ikibadilika kwa ghafla inaweza kumuua samaki ambaye ungemponya. Dada alikaa na kikombe akilalamika mgongo, lakini hakuharakisha.

Asubuhi yake yule wa ndoo ya kwanza alikuwa bado amelala chini, matamvua yakipiga mbio. Wa maji ya Thika alikuwa amefungua mapezi. Na wa ndoo ya pili, ya maji ya Ruiru, alikuwa amefungua mapezi vilevile.

Dada hakuamini. Yeye na ploti nzima walishahukumu maji ya kisima. Ploti yao hutegemea kisima kirefu cha mashine, na maji ya visima vingi vya ukanda huu wa Nairobi hupita kwenye miamba ya volkano, yakatoka na magadi na floridi. Lakini ndoo ya pili ilikisafisha kisima: maji yake peke yake hayakumdhuru samaki. Sumu ilizaliwa ndani ya tangi, amonia ilipokutana na magadi hayo yanayopandisha pH. Maji yangu ya mfereji hutoka kwenye mito inayoshuka Aberdare, nayo ni mepesi, pH yake karibu na 7.

Amonia ndani ya maji huwa ya namna mbili, moja kali na nyingine isiyo kali sana, na pH ndiyo huamua mgawanyo. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu kali haifiki asilimia 1. pH ikifika 8 inapita asilimia 5. Kwenye 8.5 inakaribia asilimia 15. Kinyesi kilekile ambacho tangi langu lilikivumilia kilikuwa sumu ndani ya tangi la dada, hasa jioni mwani ulipoipandisha pH, na dawa ya buluu ilikuwa imewaua bakteria ambao wangemsaidia. Baadaye alinunua vipimo vya matone Nairobi, vikathibitisha. Ni ghali, lakini hizo karatasi za bei rahisi nyingi hazipimi amonia kabisa. Na ukipima, soma amonia na pH kwa pamoja, kwa sababu kipimo hukupa amonia yote kwa jumla.

Tiba haikuhitaji chupa. Chakula kilisimama siku kadhaa. Robo ya maji ilibadilishwa kila siku kwa maji yaleyale ya kisima, mwani ukapanguswa, pazia likashushwa. Nami nilimletea sponji moja chafu kutoka tangi langu, nikaikamulia ndani ya lake karibu na kichujio. Maji yaligeuka tope, dada akapiga kelele, lakini tope lile lilikuwa limejaa bakteria ambao wangechukua wiki kadhaa kuzaana wenyewe. Samaki wote walipona ila yule wa ndoo ya kwanza, na huyo bado ananiuma.

Kwa wanaotumia kisima kama dada: tangi lenu halina nafasi ya kusamehe, kwa hiyo lisheni nusu ya kile ninacholisha mimi, osheni sponji kwa maji ya tangi na kamwe si ya mfereji, na kama kuna mtoto nyumbani, kopo la chakula likae juu ya kabati.