Vuli si Momiji: Namna ya Kutafsiri Majira ya Majani Mekundu

Somo hili linahusu jina la majira, neno dogo ambalo mtafsiri hulipita haraka. Tuchukue sentensi nyepesi: mtu anasimulia kwamba alizuru hekalu dogo la Kibuddha mjini Kyoto, nchini Japani, katika majira ambayo Wafaransa huyaita automne, miti ikiwa imejaa majani mekundu. Wengi wetu tutaandika: «Nilizuru hekalu wakati wa vuli, majani yakiwa mekundu.» Sarufi ni safi. Je, msomaji wa Naviundu ataona nini kichwani mwake?

Kwanza tujue kilichopo kule. Tutumie mfano wa Enkō-ji, hekalu la Zen lililoko kaskazini-mashariki mwa Kyoto (kiambishi -ji chenyewe maana yake ni hekalu la Kibuddha). Lilianzishwa mwaka 1601 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, likiwa pia mahali pa masomo, na hadi leo linatunza herufi za mbao zipatazo 50.000 zilizotumika kuchapa vitabu. Mgeni huvua viatu, huketi sakafuni juu ya mikeka, na kutazama bustani kupitia milango iliyo wazi. Kilele cha rangi huwa kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba. Siku zinafupika, baridi inaingia, ukijani unavunjika ndani ya jani, wekundu unajitokeza, kisha jani linadondoka. Katika mapokeo ya Kibuddha uzuri huo ni mafunzo: kila kitu kinapita. Anayetazama anajua kwamba wiki chache zijazo tawi litakuwa tupu.

Kijapani kina neno lake, momiji. Asili yake ni kitenzi cha kale chenye maana ya majani kubadilika rangi; leo ni jina la majani hayo na pia la mti wenyewe. Huandikwa kwa alama mbili, «nyekundu» na «jani», na alama hizohizo zikisomwa kōyō hutaja tukio zima. Katika Man'yōshū, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8, neno hilo mara nyingi liliandikwa kwa alama ya «manjano». Kwenda kuyatazama majani huitwa momijigari, yaani kuyawinda. Ni wazi kwamba kwa Wajapani jina hili limebeba tendo, rangi na mwisho wa jani kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye vuli. Katika Kiswahili cha pwani, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zinazotofautishwa na masika, mvua ndefu za Machi hadi Mei. Vuli inaotesha; haipukutishi majani. Aliyeifananisha na automne alitazama kalenda, hakutazama mti. Kwetu Lubumbashi tatizo ni mara mbili, kwa sababu sisi hatuna mvua za aina mbili. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, ambao mtaani huitwa wakati ya mvula, na msimu mmoja mkavu unaoanza na baridi na kuishia na joto kali la Oktoba. Vuli kwetu ni neno la kitabuni.

Lakini ugumu mkubwa uko kwenye maneno «majani mekundu», ambayo yanaonekana hayana shida. Sisi pia tunayo. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, miti ya miombo inachipua majani ya rangi ya shaba na ya damu, kisha yanageuka kijani. Asiyefika porini atazame mwembe wa lupango lolote la Naviundu: majani yake machanga hutoka mekundu, yakiwa yamelegea. Wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba rangi hiyo, antosiani, ni ya jamii moja na ile ya momiji. Kemia ni moja, maana zimepingana. Kule wekundu ni jani linaloaga. Hapa ni jani linalozaliwa.

Kwa hiyo sentensi yetu ya kwanza imemwambia msomaji wa Naviundu kinyume. Ameambiwa mvua na majani mapya, naye atajiuliza kwa nini wageni wa hekalu wanafikiri juu ya kupita kwa maisha. Kila neno peke yake lina utetezi, lakini ujumbe umegeuka.

Ninapendekeza njia tatu, kulingana na aina ya matini. Ya kwanza: kama majira ni tarehe tu, kwa mfano katika taarifa ya mkutano, tutaje mwezi na tuendelee. Ya pili: kama majani ndiyo habari yenyewe, tutafsiri tendo: «Nilizuru Enkō-ji mwishoni mwa Novemba, baridi ilipokuwa inaingia na majani yamegeuka mekundu, yakikaribia kupukutika.» Sentensi imerefuka, lakini neno kupukutika limefanya kazi ambayo vuli haikuweza. Ya tatu: katika shairi au kichwa cha habari, pasipo na nafasi ya maelezo, tukope momiji na kulieleza mara moja. Kiswahili kimekopa mengi bila kudhurika.

Wapo watakaosema kwamba vuli imeshapanuka shuleni, na maneno yana haki ya kupanuka. Ni kweli. Lakini maana mpya hukaa pale tu wasemaji walipokubaliana nayo, na mtafsiri anayeandikia Lubumbashi hawezi kutegemea makubaliano yasiyofika Lubumbashi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Neno miombo lenyewe limetoka katika lugha zetu za Kibantu, na sayansi ya dunia nzima imelichukua. Hata hivyo, miombo iliyozunguka jiji imekatwa sana kwa ajili ya makala, na mtoto wa mjini anaweza kukua bila kuuona msitu wenye wekundu wa Septemba. Jina la kitu kisichoonekana huchakaa haraka.

Zoezi: muulize mzee mmoja wa mtaani kwako, kwa Kibemba, Kisanga, Kiluba au lugha yoyote ya nyumbani, majani yale machanga mekundu yanaitwaje na wakati wake unaitwaje. Andika jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na mwezi na jina la mti. Kisha tafsiri upya sentensi ya Enkō-ji ukitumia ulichopata, uone kama inasaidia au inapotosha.