Nambari za Kirumi: Vijiti na Kadi Darasani

Mwambie mtoto aandike 15 kwa nambari za Kirumi na huenda akaandika IV. Hakubahatisha. Anajua I ni moja na V ni tano, basi amepanga moja kisha tano, kama afanyavyo kila siku katika hesabu. Bahati mbaya, alichoandika ni 4. Akitiwa alama ya kosa na somo likaendelea, atabaki akiamini nambari hizi ni za kukariri tu, na baada ya wiki mbili atakuwa amezisahau.

Chanzo cha kosa hilo ni nafasi. Katika 15, ile 1 ina thamani ya kumi kwa sababu ya mahali ilipo. Warumi hawakuandika hivyo, wala hawakuwa na alama ya sifuri. Kwao I ni moja popote inapokaa. Mahali pake huonyesha tu kama inajumlishwa au inaondolewa. Ni vigumu kumweleza mtoto haya kwa chaki pekee.

Vifaa havina gharama: vijiti vya fagio na kadi zilizokatwa kutoka kwa katoni kuukuu.

Anza na duka. Mtoto ahesabu vijiti 15, kisha kila vijiti vitano avipeleke kwa mwenzake aliye "mwenye duka" apewe kadi ya V. Kadi mbili za V zibadilishwe kwa X moja. Mkononi atabaki na X na V, yaani XV. Watoto huelewa upesi, kwani ndivyo wanavyobadilisha sarafu mbili za shilingi tano kwa moja ya shilingi kumi. Wakizoea, ongeza L ya 50 na C ya 100.

Kuondoa ndiko kugumu zaidi, na hapa watoto wenyewe wawe nambari. Mmoja ashike kadi ya V kifuani, mwingine I. Wa I akisimama kulia, darasa lisome sita. Akihamia kushoto, lisome nne. Mwalimu akumbuke kwamba kulia na kushoto ni kwa wanaotazama, la sivyo zoezi zima litageuka.

Kisha waambiwe mipaka: I hutangulia V na X pekee ili kuondoa, na X hutangulia L na C. Kwa hiyo 49 si IL. Wawili wasimame kama XL, yaani 40, na wengine wawili kama IX, yaani 9. Wakikaribiana, wanasomeka XLIX.

Mzazi mwenye saa ya ukutani ya nambari za Kirumi aikague kwanza. Nyingi huandika nne kama IIII badala ya IV. Ni desturi ya zamani ya watengenezaji saa, na mtoto makini atauliza.

Kwa kumalizia kipindi, au nyumbani baada ya chajio, panga vijiti mezani hivi: XI + I = X. Kumi na moja ukiongeza moja si kumi. Mwombe mtoto arekebishe bila kugusa kijiti hata kimoja. Akishindwa kabisa, mwambie azunguke asimame upande wa pili wa meza, asome tena.