Talaka kwa Wahindu: Somo kwa Kamati Zetu za Usuluhishi



Katika Wilaya ya Kilosa tumeishi na majirani wenye asili ya India tangu enzi za reli na mashamba ya mkonge. Tumezoea kuwaita wote Wahindi, lakini si kila Mhindi ni Mhindu. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Kalasinga au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani.

Tumechagua somo hili kwa sababu swali lililowakabili Wahindu hutufikia pia huku Kilangali: dini ikifundisha kwamba ndoa haivunjwi, anayeumia ndani yake asaidiweje?

Dini inasemaje?

Kwa Wahindu ndoa ni samskara, yaani moja ya ibada za kumtakasa mtu katika hatua za maisha yake. Bwana na bibi harusi hutembea hatua 7 mbele ya moto mtakatifu, na hatua ya saba ndiyo inayokamilisha ndoa. Kitabu cha kale cha Manu kinafundisha kwamba mke hafunguliwi kifungo cha ndoa hata akiuzwa au akiachwa.

Hata hivyo, maandiko yao hayasemi kwa sauti moja. Kitabu cha Narada kinataja mambo 5 yanayomruhusu mwanamke kuolewa tena: mume akipotea, akifa, akiwa mtawa, akiwa hanithi, au akitengwa na jamii yake. Aidha, katika jamii nyingi za watu wa kawaida, baraza la wazee lilitoa talaka kwa mila.

Sheria za nchi

Ufalme mdogo wa Baroda, katika eneo la Gujarat walikotoka mababu wa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, ulitunga sheria ya talaka ya Wahindu mwaka 1931. India huru ilifuata mwaka 1955, na mwaka 1976 ikaruhusu talaka kwa makubaliano ya wote wawili. Kenya ilikuwa na sheria ya pekee ya ndoa na talaka za Wahindu, hadi Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipochukua nafasi yake.

Tanzania Bara ilikwenda njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwaweka watu wa dini zote chini ya sheria moja. Mahakama hutoa talaka ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi waweza kuwa ukatili, uzinzi, au kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3, miongoni mwa mambo mengine. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila ruhusa ya mahakama.

Kabla ya kwenda mahakamani, shauri hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza halitoi talaka. Kazi yake ni kuwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, huandika hati ya kuthibitisha hivyo. Mwombaji asiye na hati hiyo anaweza kukataliwa mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kama vile mwenzake kutojulikana aliko au kuitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika.

Hapa ndipo tunapoguswa

Kamati ya dini huwa baraza la kisheria pale tu Waziri anapoitambua hivyo. Kamati isiyotambuliwa yaweza kushauri na kuombea, lakini hati yake haina nguvu mahakamani. Basi tusimzungushe mama anayepigwa, njoo leo, njoo mwezi ujao, tukidhani tunailinda ndoa. Tumwelekeze mapema kwenye baraza la kata, na kama maisha yake yako hatarini, kwanza polisi na hospitali. Kumwandikia hati si kuibariki talaka. Ni kusema kweli kwamba tulijaribu, tukashindwa.

Tukumbuke pia shamba la mpunga na nyumba. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Asiambiwe mtu kwamba hana haki kwa kuwa hakuleta fedha.

Wahindu hawakuacha kuiheshimu ndoa walipokubali sheria ya talaka. Nasi tunaweza kuiheshimu ndoa bila kumfungia mlango anayeteswa.

Maswali ya kujadili

1. Je, kamati yetu inatambuliwa kama baraza la kisheria? Nani atafuatilia?
2. Mashauri mangapi yako mikononi mwetu bila jibu, na tangu lini?
3. Mwanamke akifika na majeraha, tutafanya nini siku hiyohiyo?