SOMO: MWENYE USONJI NA USUKANI



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo halizungumzwi sana katika matawi: mfanyakazi mwenye usonji na kazi ya kuendesha gari. Msomaji wa kiwandani au shambani huenda akauliza linamhusu nini. Linamhusu, kwa kuwa karibu kila mahali pa kazi pana trekta, lori, foklifti au pikipiki, na mshika usukani kwa kawaida hulipwa zaidi ya mbeba magunia. Anayenyimwa usukani bila sababu amenyimwa riziki. Anayelazimishwa kuushika hali hauwezi ametiwa hatarini, na wenziwe pamoja naye. Makosa yote mawili hutokea kwa sababu moja: hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Tuanze na neno. Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo mpaka uzee. Hauambukizi, si wazimu, si laana ya ukoo, wala hauletwi na malezi mabaya au chanjo. Mwenye usonji hupokea sauti, mwanga, maneno na nyuso za watu kwa namna iliyo tofauti na ya wengi. Mara nyingi hupenda mambo yaende kwa utaratibu unaojulikana, na hulichukua neno kama lilivyosemwa. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi watu wakadhani ni jambo la watoto tu. Lakini watoto hukua na kutafuta kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, penye wafanyakazi 500 usishangae wakiwapo watatu au wanne. Wengi wa rika letu hawakupimwa na daktari yeyote. Kazini wamepewa majina mengine tu: bubu, mkaidi, mwenye maringo, mtu wa kivyake.

Tena hawafanani. Wapo wasiozungumza kabisa na wanaohitaji kutunzwa maisha yao yote, na wapo mafundi na wahandisi. Hapa tunazungumzia wale ambao msimamizi anaweza kufikiria kuwapa chombo.

Sasa tushike barabara ambayo wasomaji wetu wengi wa Juba wanaijua. Ukivuka Nile kutoka mjini kwenda mashariki unaingia Gumbo, katika payam ya Rejaf, na hapo ndipo barabara ya Nimule inapoanza kuchanganya kilomita zake 192. Ilitiwa lami ikamalizika mwaka 2012, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini. Saruji, unga, mafuta ya magari na sabuni kutoka Mombasa na Kampala hupita hapo, na Kiswahili kinasikika kwenye maegesho ya malori pamoja na Kiarabu cha Juba.

Barabara hii ina kisa chake. Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Sudan ilihamia upande wa kulia tarehe 2 Agosti 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ikaendelea hivyo hivyo. Basi dereva aliyetoka Mombasa akishika kushoto anafika Elegu, anavuka mpaka kuingia Nimule, na hapo anahamia kulia. Lakini usukani wa lori lake hauhami. Uko kulia bado, kwa hiyo sasa yeye amekaa upande wa majani, na katikati ya barabara kumeonwa vizuri zaidi na utingo, au taniboi kama wengine wasemavyo. Akitaka kulipita lori lililo mbele, macho yake ni utingo.

Watu hudhani kwamba huko kuhama upande ndiko kutakakomshinda mwenye usonji. Wengi wao wenyewe husema sivyo. Kanuni iliyoandikwa haiwasumbui. Wapo wanaoipenda kupita sisi. Ukimwambia kwamba kuanzia nguzo ile ni kulia, atashika kulia, na atashangaa kumwona dereva wa miaka ishirini anajisahau. Kinachomchosha ni zile kanuni zisizoandikwa popote. Lori linalokuja likiwasha na kuzima taa, maana yake nini? Pita? Nipishe mimi? Kuna askari mbele? Kwetu zote tatu hutumika, na dereva wa kawaida hukisia kwa uzoefu bila hata kujua kwamba anakisia. Mwenye usonji hulazimika kulifikiri kila moja, na hapo hapo bodaboda inachomoka kati ya maduka ya Gumbo, ng'ombe wanavuka, honi inapigwa nyuma, na mtu kando ya njia anapunga mkono ambao huenda ni wa salamu na huenda ni wa kuomba lifti. Chombo anakiweza. Kazi kubwa ni kutabiri watu.

Haya si maneno matupu. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, walifuatilia vijana wa jimbo la New Jersey. Mwaka 2017 walitoa taarifa kwamba kiasi cha theluthi moja tu ya vijana wenye usonji wasio na ulemavu wa akili walipata leseni, na kwa vijana wengine ilikuwa zaidi ya wanane katika kumi. Lakini tazameni jambo la pili: katika wale wenye usonji waliochukua leseni ya mwanafunzi, karibu tisa katika kumi waliendelea mpaka wakapata leseni kamili. Ina maana kwamba wengi walikwama kabla hata ya kugusa usukani. Na mwaka 2021 watafiti hao wakaeleza habari za ajali. Madereva vijana wenye usonji hawakuwa na ajali nyingi kuliko wenzao, walinyang'anywa leseni mara chache zaidi, na ajali za mwendo wa kasi kwao zilikuwa chache zaidi. Udhaifu wao ulikuwa mahali pawili: kumpisha mwenye haki ya kutangulia, na kukata kona ya kushoto au kugeuza gari.

Kona ya kushoto kwa nini? Kwa sababu Marekani nako hushika kulia, na anayekata kushoto lazima akatishe mbele ya magari yanayokuja. Juba ni vivyo hivyo. Nairobi au Kampala hatari hiyo hiyo iko kwenye kona ya kulia. Mkufunzi anayejua hili ataongeza mazoezi ya kona hiyo badala ya kurudia mambo ambayo mwanafunzi amekwisha kuyaweza.

Kuhusu mafunzo ningependa tukae kidogo, maana hapa ndipo mashamba yanapokuwa na faida kuliko miji. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye mwenyewe ana usonji, ameeleza kwamba alijifunza kuendesha kwenye shamba la shangazi yake, katika barabara za vumbi zisizo na magari, siku baada ya siku majira yote ya joto, kabla ya kuingia kwenye barabara kuu. Shauri lake ni kwamba gia, breki na usukani viwe kwanza kazi ya mikono na miguu, isiyohitaji kufikiriwa, ndipo akili ibaki huru kuwatazama watu wengine. Shamba la miwa au la chai lina kilomita nyingi za njia kama hizo. Mafunzo yetu mengi hufanywa kinyume: wiki moja ya haraka, halafu mwanafunzi anatupwa kwenye mzunguko wa barabara saa ya watu kutoka kazini.

Lugha ya mkufunzi nayo ina makosa yake. "Kanyaga!" Kanyaga nini, breki au mafuta? "Mpe!" Nimpe nani? Anayechukua neno kama lilivyo atasita, na ule usito ndio utakaoandikwa kwenye ripoti kuwa ni uzito wa akili. Mwalimu awe mmoja, asibadilishwe kila siku. Aseme sentensi fupi, na aiseme kabla ya kona, si ndani ya kona. Akitaka kugomba, asimamishe gari kwanza. (Nadhani shauri hili lingewafaa wanafunzi wote, lakini hilo ni somo jingine.)

Tumrudie utingo, kwa kuwa vijana wengi huanzia hapo. Lori limefuata basi linalokwenda polepole, dereva amekaa upande wa majani, anauliza: "Kuna gari?" Utingo mwenye usonji anaona gari bovu lililoegeshwa pembeni huko mbele, anajibu: "Lipo." Dereva anangoja. Baada ya kilomita tano anaanza kutukana. Kijana alisema kweli tupu. Swali ndilo lililokuwa bovu. Wakipatana kwamba dereva ataulizia upande wa pili tu, na majibu yawe mawili, "pita" na "ngoja", huyu atakuwa utingo wa kutegemewa kuliko yule mwingi wa maneno, kwa sababu hatasema "pita" kwa kubahatisha.

Makelele, joto na mwanga huhesabiwa pia. Injini inayonguruma, redio, simu ya tajiri, taa kali usiku: kwa wengine wetu ni kero, kwa mwenye usonji huweza kuwa kama maumivu, na mwisho wa siku amechoka kuliko saa alizofanya. Uchovu huo ni wa kweli na ni wa hatari. Si uvivu. Lakini wapo wanaosema kwamba ndani ya kabini peke yao, njia ile ile, gari lile lile, hakuna wa kuwasemesha, ndipo wanapopumua. Dereva wa namna hiyo ukimhamishia gari jingine asubuhi bila taarifa umemwondolea nusu ya utaalamu wake. Mwarifu jana, ikiwezekana kwa maandishi.

Vizuizi vya barabarani tusivisahau. Mwenye usonji anaweza kukwepa macho ya askari, kuchelewa kujibu, au kujibu kwa sauti moja kavu, na askari akaona mtu mlevi au mwongo. Katika nchi ambako barabara zimemwaga damu jambo hili si dogo. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliegesha malori yao Elegu wakikataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa. Wawili wakisafiri pamoja, yafaa wakubaliane mapema nani atazungumza, na karatasi zote ziwe mahali pamoja panapofikiwa bila kupekuapekua.

Yupo pia asiyetaka kabisa kuendesha. Huyu hudhihakiwa, hasa akiwa mwanamume: mtu mzima anaogopa gari! Nyapara humwambia achague kati ya trekta na mlango. Kwa maoni yangu mtu anayejua kwamba barabara inamzidi, akakataa, amelinda maisha ya watu kuliko anayekubali kwa aibu. Kamati ya tawi imtetee kwa nguvu ile ile inayomtetea anayetaka usukani akanyimwa. Kazi za karakana, ghala, mizani na hesabu za mafuta zipo, nazo zina ngazi zake za mshahara.

Hatufichi upande wa usalama. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na mwenye kifafa hana budi aonane na daktari kabla ya kupewa chombo chochote. Lakini hapo kinachopimwa ni kifafa. Usonji peke yake hausemi kama mtu anaweza kuendesha au hawezi. Uingereza ofisi ya leseni ilijaribu kusahau hilo: mwanzoni mwa mwaka 2019 maelezo yake yaligeuka, yakasema kila mwenye usonji lazima ajiandikishe kwao. Wenye usonji na vyama vyao wakapiga kelele, na mwezi Machi mwaka huo huo ofisi ikarudi nyuma na kuomba radhi. Kanuni ikabaki kwamba anapaswa kutoa taarifa yule tu ambaye hali yake inaathiri uendeshaji wake.

Katika majadiliano na mwajiri, tawi linaweza kushika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 27, kinachosema juu ya kazi na marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Marekebisho tuliyoyataja, yaani taarifa ya mapema, gari moja, mwalimu mmoja na maagizo ya maandishi, hayamgharimu tajiri hata tairi moja.

Kwa mazungumzo ya darasa: Nani katika kitengo chenu amekataa usukani, na je, aliulizwa sababu mbele ya watu au faraghani? Dereva na utingo wenu wanatumia maneno gani wakati wa kulipita gari, na yana maana moja kwa wote wawili? Kama mwajiri wenu angetaka kila dereva apimwe akili kabla ya kupewa leseni ya kampuni, tawi lingemjibu nini?