Kitalu cha Samaki katika Ghuba ya Baraka

Msafiri asimamaye ufukoni Baraka na kutazama mashariki haoni Tanganyika yote. Mbele yake pana ghuba, na ng'ambo ya ghuba pana milima ya Ubwari, rasi ndefu iliyoshikamana na nchi kavu upande wa kusini. Waingereza Burton na Speke walipofika huku mwaka 1858 walidhani ya kwamba Ubwari ni kisiwa. Hata leo ramani huyaita maji hayo Ghuba ya Burton. Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa kuwa ni rasi.

Somo hili lahusu viumbe waishio katika maji hayo, madhara wanayoyapata kwa mikono ya watu, na namna ya kuyapunguza.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi ziwa lenyewe lilivyo. Urefu wake ni kilomita 670 hivi. Kina chake chafika mita 1,470, na katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, huko Urusi, lililo na kina kuzidi hicho. Tena lina viumbe ambao mtu angewatafuta baharini. Kuna kinyama laini kisicho na mfupa, mfano wa konyeza wa pwani, kinachoelea kama kisahani cha uji mwepesi. Kuna konokono wenye magamba mazito kama wale wa bahari. Ndakala nao, ambao Kigoma huitwa dagaa, asili yao ni moja na samaki wadogo wa baharini watembeao makundi makundi. Mwishoni mwa karne ya 19 wako wataalamu wa Ulaya waliodhani kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari. Baadaye wazo hilo liliachwa, lakini si ajabu kwamba lilizuka.

Basi, mtu akisikia kina cha mita 1,470 atasema, "Samaki hawawezi kwisha; wanalo kimbilio chini." Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki mpaka chini. Upande wa kaskazini, hewa ambayo samaki huvuta majini hukoma kwenye mita 100 hivi. Upande wa kusini huenda chini zaidi kidogo, yapata mita 200. Toka hapo hadi chini kabisa ni giza na maji mafu, ambamo samaki hawezi kukaa. Ziwa hili ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo wakaaji wake wote wamebanana katika ghorofa ya juu tu.

Na katika ghorofa hiyo, chumba cha watoto ni ukingoni. Ndakala wadogo hukusanyika karibu na pwani kabla ya kwenda majini mbali. Watoto wa sangala hujificha katika majani yaotayo ndani ya maji haba. Kuhe, baba na mama pamoja, huyalinda mayai yao chini mchangani na kuwafukuza adui. Samaki wa jamaa ya ngege na kuhe ziwani humu ni aina zipatazo 240, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao hawatagi mayai maelfu kama samaki wengine. Iko aina ambayo mama hutaga kumi hivi tu, akayachukua kinywani mwake mpaka watoto waweze kuogelea. Mtu akimvua mama huyo, amevua na watoto wake wote.

Sasa na tutazame uvuvi. Zamani wavuvi walitoka usiku usio na mwezi, wakawasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, wakawachota ndakala waliofuata mwanga kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu kubwa zaidi na taa za mafuta zenye mwanga mkali. Uvuvi wa namna hiyo, kule kwenye maji ya kilindi, wahitaji kiasi, lakini si huo uletao madhara makubwa kuliko yote. Madhara makubwa yako mchana, pwani, mahali ambapo maji humfikia mtu kiunoni: ni wavu wa macho madogo unaokokotwa mchangani, na zaidi sana chandarua cha mbu kilichoshonwa kuwa wavu. Chandarua hakichagui. Huleta mayai, watoto wa sangala, ndakala wasiofikia urefu wa ukucha, pamoja na majani waliyokuwa wakijificha. Sahani moja ya vidagaa vile ingalikuwa, baada ya miezi michache, kikapu kizima.

Hasara haiishii majini. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Nyumbani nako watoto hulala bila kinga, mbu wakawauma, homa ya malaria ikawashika. Kwa hiyo familia imetoa kitu cha thamani ikapata mchuzi wa siku moja. Wengine hutumia majani ya sumu kama utupa katika vijito. Hayo nayo huua vyote, vikubwa na vidogo, hata visivyoliwa.

Hata hivyo si haki kumhukumu mvuvi wa chandarua kana kwamba ni mwizi. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi, wakakaa miaka mingi katika kambi za mkoa wa Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Mtu alifika hana mtumbwi, hana wavu, na shamba lake limekwisha kuwa pori. Mwaka 2015 ikafunguliwa kambi ya Lusenda kwa wakimbizi wa Burundi, nao pia ni watu wa kula. Afisa akikamata chandarua na kukichoma moto, asiache kitu badala yake, kesho ghuba itaona kingine. Inafaa zaidi wavuvi kuungana, wakanunua wavu wa macho makubwa kwa shirika, na wazee wa kila kijiji wakakubaliana juu ya vihori visivyokokotwa kamwe, ambamo majani ya majini yataachwa yaote.

Madhara ya pili hushuka kutoka milimani. Mahali miti imekatwa kwa makaa, na mihogo imelimwa kwa mistari iteremkayo na mteremko, mvua hubeba udongo, na Mutambala pamoja na vijito vingine huumimina ziwani. Udongo huo huziba nafasi kati ya mawe ambamo samaki huzalia, ukafunika ukoga wanaoula. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mbele ya nchi iliyokatwa misitu aina za viumbe ni chache kuliko mbele ya nchi yenye miti. Kwa hiyo mkulima wa Fizi juu mlimani, ambaye pengine hana hata kasia, naye ni mlinzi wa samaki au mwangamizi wao. Akipanda majani marefu kwa mistari inayokata mteremko, na kuacha miti kandokando ya kijito, shamba lake hubaki na rutuba na ghuba hubaki safi.

Liko pia jambo ambalo watu wa Baraka hawakulianzisha. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya ziwa yamepata joto. Maji ya juu yakiwa na joto huwa mepesi, upepo ukashindwa kuyachanganya na ya chini yenye rutuba. Hata ikakisiwa kuwa chakula kiotacho majini kimepungua sehemu moja ya tano. Joto hilo latoka zaidi kwenye moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali.

Ziwa ni la nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003 huko Dar es Salaam, na mwezi wa Desemba 2021 zikapatana juu ya kanuni za uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapumzike. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba isiyo na akiba. Palipo na utaratibu huo, ndakala hukaushwa mapema juu ya vichanja, si mchangani ambapo mvua huwaozesha, na shamba la mihogo hutayarishwa kabla ya nyavu kukunjwa.

Maswali: Kwa nini samaki wa Tanganyika hawawezi kukimbilia kilindini? Katika kijiji chenu, ni kihori kipi chenye majani mengi ya majini, na ni nani hukokota wavu hapo? Ni kitu gani angehitaji mtu huyo ili aache?