Dondoo muhimu: Ikoni ya faili inapogeuka winmail.dat

Barua pepe iliyoandikwa katika Outlook kwa muundo wa Rich Text huweka ikoni ya faili katikati ya maneno. Ikitumwa kutoka Chake Chake kwenda kwa mtu wa Wete anayetumia programu isiyoujua muundo huo, ikoni huweza kutoweka, kikabaki kiambatisho kimoja kiitwacho winmail.dat, ambacho programu hiyo haiwezi kukifungua. Faili yenyewe haijaharibika. Imefungwa humo ndani. Kukipakua mara kwa mara ni kumaliza bando bure. Dawa iko kwa mtumaji: abadili muundo wa barua uwe HTML au maandishi matupu, aambatishe faili upya, kisha aitume tena. Mtumaji asipopatikana, zipo programu za kukifungua kiambatisho hicho.