Saa Nne za Jioni: Somo kwa Aliyeacha Pombe na Walio Karibu Naye

Mtu aliyeacha pombe wiki tatu zilizopita aghalabu halalamikii kiu. Mikono imeacha kutetemeka, hamu ya chakula imerudi, na nyumbani wameanza kumwamini kwa fedha ndogondogo. Anacholalamikia ni urefu wa jioni. Hurejea saa 11, huoga, hula, kisha hutazama saa na kukuta ni saa 1 tu. Unyong'onyevu huo, ambao vijana huuita kuboreka, huonekana jambo dogo mbele ya maradhi ya ini au ugomvi wa ndoa, lakini huwarudisha wengi kilabuni.

Kabla ya kuendelea, neno moja la tahadhari. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Katika siku tatu za mwanzo huweza kupatwa na degedege, homa na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Aanzie zahanati au kituo cha afya, ili asimamiwe au apewe rufaa. Somo hili ni la siku zinazofuata.

Katika miteremko ya Mlima Meru, mbege si kinywaji tu. Ndizi mbivu na kimea cha ulezi hupikwa kwa ajili ya mahari, harusi, usuluhishi wa mashamba na kuwakaribisha wageni, na kibuyu kimoja huzunguka mikono mingi. Mjini, kuanzia Unga Limited hadi Kijenge, kiti cha baa hufanya kazi iliyo karibu na hiyo: hapo hupatikana habari za kibarua, mzaha na mtu wa kukuuliza habari za watoto. Kwa hiyo anayeacha pombe hupoteza kinywaji, kiti na wenzake kwa siku moja. Tukihesabu kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, amebaki na saa 4 tupu kila siku, yaani saa 28 kwa wiki, zaidi ya siku tatu nzima za kazi.

Mwili nao huongeza uzito wa saa hizo. Ubongo uliozoea furaha kali ya pombe huziona furaha ndogo kuwa hazina ladha: chai, mazungumzo, hata mechi. Usingizi pia huwa mbaya. Hali hii hupungua taratibu kwa wiki na miezi, lakini asiyeijua hudhani kwamba hivyo ndivyo maisha bila pombe yatakavyokuwa daima, akakata tamaa katika mwezi ambao angepaswa kuvumilia.

Sheria husaidia, lakini kwa upande mmoja tu. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, iliondoa pakiti mfukoni mwa kijana. Haikuwa kazi ya marufuku hiyo kumpa la kufanya saa 12 jioni.

Mwaka 1973, George Hunt na Nathan Azrin walichapisha matokeo ya kazi yao katika hospitali moja ya jimbo la Illinois, Marekani. Walikuwa na wagonjwa 16 wa ulevi. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walisaidiwa pia kutafuta kazi, kutengeneza ndoa zao na kupata marafiki wasiokunywa, na jengo lililokuwa baa liligeuzwa ukumbi wao wa kukutania bila pombe. Katika miezi 6 iliyofuata, kundi hili lilikunywa takriban siku 14 katika kila 100, na lile jingine siku 79. Watu 16 ni wachache, lakini njia hiyo imeendelea kutumika hadi leo. Jirani zetu wa hospitali ya KCMC mjini Moshi nao wamefanya utafiti wa mazungumzo mafupi ya wauguzi na majeruhi wanaokunywa, kwa jina la Punguza Pombe kwa Afya Yako.

Ni vema jioni ipangwe kwa saa. "Nitajishughulisha" si mpango. "Jumanne saa 11 nakata majani ya ng'ombe, saa 12 na nusu niko mazoezi ya kwaya" ni mpango. Tena ichaguliwe shughuli ambayo usipofika, mtu au kitu kitauliza. Ng'ombe wa ndani atalia. Zamu ya maji ya mfereji itapita, na shamba litakauka. Kwaya, swala ya jamaa, timu ya mtaa, mkutano wa VICOBA au daftari la mtoto linalosubiri kukaguliwa vina nguvu kuliko televisheni, kwa kuwa televisheni haimkosi mtu. Wapenzi wa Simba na Yanga wana tatizo lao, maana mechi nyingi hutazamwa baa. Watafute kibanda umiza kisichouza bia, hata kama benchi lake ni gumu. Na wajihadhari wasijaze saa hizo kwa mirungi au kubeti.

Fundi ujenzi au mbeba mizigo hulipwa ujira jioni, njiani kuna vilabu, na siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, vishawishi huongezeka. Apange njia nyingine ya kurudi, na sehemu ya ujira iingie akiba ya kikundi kabla haijafika mfukoni. Akialikwa, wengi hujibu, "Niko kwenye dozi." Dozi huisha. Afadhali aseme, "Nimeacha," avumilie kuulizwa kama ameokoka, maana mzaha huo hauchukui muda mrefu.

Wenye sherehe nao wana sehemu yao. Mzee aliyeacha asiondolewe kwenye kiti chake; apewe togwa iliyotengenezwa siku hiyohiyo, kwani ikilala huanza kuchacha. Nyumbani, kumnusa mtu mdomo kila arudipo humfanya atamani kukaa mbali. Aulizwe habari za kazi, akabidhiwe jukumu lenye saa. Akiteleza siku moja, itazamwe ni saa ipi iliyokuwa tupu, mpango urekebishwe kesho yake.

Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii wapo kwa ajili ya shauri hili, na hakuna sharti la kwenda ukiwa umeshindwa kwanza. Huzuni isiyoondoka, kukosa usingizi kabisa au mawazo ya kujiua ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kituo kinaweza kutoa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru.

Lipo pia suala la majengo. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri, na kumbi zilizo chini yake hufungwa nazo, saa moja na nusu kabla jioni tunayoizungumzia haijaanza. Kikundi cha kwaya, bao, akiba au mazoezi kinachohitaji mahali pa kukutania kiandike barua kwa Mtendaji wa Kata, kikitaja siku, saa na mtu atakayeshika ufunguo.